Jicho la Kushoto la Mjukuu Wangu

Mimi nasikia vibaya. Naanza na hilo kwa sababu mtu akisoma mbele atajiuliza huyu mzee alikuwa wapi. Nilikuwa hapohapo. Miaka mingi nimesimama kwenye mashine ya kukoboa mpunga huku Ubaruku, kwanza ya injini ya dizeli iliyotikisa mpaka meno, baadaye ya umeme, na mtu akikaa na kelele ile msimu hata msimu masikio yanakufa polepole bila kuagana na mwenyewe. Unaona tu kwamba watu siku hizi wanaongea chini kama wezi, na wewe unapaza sauti. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nikimsalimia mtu barabarani, ng'ombe wa jirani wanaitikia.

Ubaruku nimehamia. Mimi ni Mhehe wa upande wa Tosamaganga, na pale kwenye shule ya misheni ndipo nilipoishia darasa la nne. Sikuwa mjinga sana. Baba alisema mbuzi hawajui siku ya shule na siku ya mapumziko, basi. Kusoma najua, kuandika ndiyo hivi mnavyoona.

Kwetu jicho likicheza lina maana. Sisemi ni Wahehe wote, nasema nyumbani kwetu. Bibi mzaa baba alikuwa akiamka asubuhi anatutangazia jicho lake kama redio inavyotangaza mvua. Kulia, kope ya juu: mgeni anakuja. Kulia chini: utakula nyama. Kushoto juu: safari. Kushoto chini: utalia. Na alipatia. Au labda sisi tulikumbuka siku alizopatia na zile nyingine tukazisahau, maana hakuna anayekumbuka siku ambayo hakulia. Hilo nimelifikiria sasa, uzeeni. Wakati ule sikulifikiria.

Binti yangu wa mwisho anaishi Iringa mjini, anafanya kazi kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja mtaratibu sana. Ana mtoto mmoja, wa kike. Mtoto alikuwa na mwaka na nusu alipopata homa ya uti wa mgongo. Akapona, lakini masikio hayakurudi. Ukipiga sufuria nyuma yake hageuki. Mama yake akahangaika huku na huko, mpaka akapata nafasi kwenye hospitali kubwa Dar es Salaam, wakampasua mtoto nyuma ya sikio la kushoto na kumwekea kitu ndani ya mfupa. Nje anavaa kifaa: kipande kimoja kinakaa sikioni kama ndoano, na kingine cha mviringo kinanata kichwani kwa sumaku. Cha nje kinakamata sauti, cha ndani kinaigeuza umeme na kuupeleka kwenye mshipa wa kusikia. Hivyo nilivyoelewa. Binti alinieleza mara nne.

Alipotimiza miaka mitano, dada wa kazi aliondoka bila kuaga, na mama mtu anatoka asubuhi anarudi jioni. Akaniletea mtoto akae nami mpaka apate mtu mwingine. Nilikuwa naishi na dada yangu mkubwa, mjane kama mimi, kwa hiyo nyumba ilikuwa na mwanamke wa kumsuka.

"Baba," binti akaniambia siku ya kuondoka, "asivue isipokuwa akioga na akilala. Kichwa chake bado kinajifunza kusikia. Siku akikaa bila kifaa, ni siku imepotea, hairudi."

Akaniachia karatasi ya hospitali, imeandikwa kwa Kiswahili safi, ya mambo yanayotokea kwa watoto wachache baada ya upasuaji ule. Kidonda kufumuka. Ngozi chini ya sumaku kuwa nyekundu. Maji kutoka puani. Homa na shingo kukakamaa. Kuyumba. Uso kulegea. Chini kabisa: ukiona jambo lolote usilolielewa, piga simu siku hiyohiyo. Akanisimulia na habari ya mtoto mmoja waliyelazwa naye, alianguka kwenye ngazi na sumaku ya ndani ikahama, ikabidi apasuliwe tena. Mimi hilo la kuanguka ndilo lililonikaa moyoni. Nikawa namfuata mtoto kama kuku anayefuata kifaranga. Nikang'oa hata kisiki kilichokuwa uani tangu siku za mke wangu. Nililinda mlango ambao mwizi hakupita.

Alipokuja alikuwa anasema maneno kama kumi na tano. Maji. Njoo. Bibi, akimwita dada yangu. Mimi alikuwa ananiita Bau. Nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowapenda wanangu, na wanangu wanalijua.

Mwezi wa pili wa kukaa kwake, asubuhi moja, nilikuwa naye kwenye mashine. Nilikuwa nimeshaacha kazi ile, ila mwenye mashine alikuwa ananiita kusikiliza mota ikigoma. Eti kusikiliza, mimi! Nilikuwa naweka mkono juu yake tu, mkono ndio unaosikia. Nikawasha. Nikamtazama mtoto mlangoni, na pale pale kope yake ya chini, ya kushoto, ikaanza kuruka. Ikaruka na kuruka, na pembe ya mdomo upande ule ikavutwa juu, kama kuna uzi na kuna mtu ameushika. Nikazima mashine. Uso ukatulia.

Mtu mwenye akili angewasha tena, akaangalia. Mimi nilimbeba mtoto nikarudi.

Nyumbani dada akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Kope gani?"

"Ya chini. Kushoto."

"Mdogo wangu," akasema, "kesho tusianike mpunga."

Kesho yake mchana tulikaa kibarazani tunakunywa chai. Mtoto alikuwa anacheza na pumba, anazipitisha vidoleni. Ghafla kope ikaruka, mdomo ukavutwa. Akainuka, akanijia moja kwa moja, akachukua mkono wangu na kuubandika shavuni pake. Nyama ya shavu ilikuwa inarukaruka chini ya kiganja changu kama samaki aliyetoka majini. Dada akaweka kikombe chini. Hata hajakiinua tena, mtu akapita njiani anakimbia, akasema mzee wa nyumba ya tatu amekata roho. Nilipotoka mpaka barabarani ndipo nami nilipowasikia wanawake wanalia.

Basi, hapo ndipo tulipopotea. Karatasi ile niliitoa, niliisoma. Ilisema uso kulegea. Haikusema uso kucheza. Nikaikunja nikairudisha mahali pake, na ule mstari wa chini kabisa, wa jambo usilolielewa, niliuruka. Kwa sababu mimi nilijiona nimelielewa.

Dada hakuwa na kifua cha kuweka siri. Watu wakaanza kuja. Mwanamke ambaye mumewe alikuwa kwenye machimbo Chunya, hajapiga simu mwezi mzima. Mama mwenye kesi ya shamba. Wanakuja na mayai, na ndizi, wanakaa, wanaongea kwa nguvu kwa sababu mwenye nyumba ni kiziwi, na mtoto yuko katikati anatazamwa uso. Nitasema ukweli, nilifurahi. Tangu niache mashine hakuna aliyekuwa anakumbuka kunisalimia.

Hata jirani yangu Msukuma alikuja, wa wale waliohamia na mifugo yao bonde la Usangu. Sisi tunataniana.

"Mtani, wanasema una redio ya Mungu humu ndani."

"Ni mtoto tu."

"Ninyi Wahehe, mmemaliza kula mbwa, sasa mnaagua kwa macho ya watoto? Haya. Ng'ombe wangu wawili hawajarudi tangu jana. Muulize."

"Hasikii vizuri huyu."

"Basi nitamuuliza kwa sauti." Akachuchumaa mbele yake. Sasa, mtu aliyekua anaita ng'ombe ng'ambo ya mbuga ana koo lake. "NG'OMBE WANGU WAKO WAPI?"

Jicho likaruka, mdomo ukapinda, mtoto akafunika shavu kwa mikono miwili.

"Kushoto!" akasema Msukuma.

"Kushoto chini ni machozi," akasema dada.

"Bibi, kushoto ni mtoni." Akaenda zake. Jioni akarudi na maziwa, anacheka peke yake. "Nimewakuta. Walikuwa ndani ya mpunga wa mtu, na mwenye mpunga alikuwepo. Kushoto nimekuona, na machozi nimeyapata."

Tulicheka mpaka dada akajifuta macho kwa khanga. Mtoto alikuwa bado ameshika shavu. Namuona hivyo mpaka leo. Mambo mengine ya mwaka ule yamefifia, sijui hata nilivuna magunia mangapi, lakini mikono ile miwili midogo shavuni naiona nikifumba macho na nikifumbua.

Kilichonigeuza kilikuwa woga wangu mwenyewe. Siku moja nilimwita aje kula. Nilimwita kama ninavyoita siku zote. Akageuka, na jicho likaruka. Nikanyamaza, likatulia. Nikamwita tena. Likaruka. Siku tatu nilimfanyia hivyo, kwenye kona, dada asione. Kila nikifungua kinywa, kope ya chini, kushoto. Dada akiongea, hakuna kitu. Msukuma akisalimia kwa upole, hakuna kitu. Ni mimi tu. Nikajua mtoto anatangaza kifo changu.

Nilikuwa na miaka sabini na kitu. Mtu wa umri huo anasema kila siku kwamba yuko tayari, Mungu akimwita ataitika. Uongo. Siku ya nne nilimvua kile kifaa, nikakifunga kwenye kiboksi chake na kukiweka juu ya kabati.

Mwanzoni alikitafuta. Alijipapasa kichwani, akaja kuninyooshea kidole kuelekea kabatini, akaning'ang'ania suruali. Nilimtikisia kichwa. Asubuhi ya pili vilevile. Siku ya saba au ya nane akaacha. Akawa mtoto mtulivu, watu wakasema ana adabu. Yale maneno kumi na tano sikuona yanakwenda wapi. Maji likawa ma, halafu likawa kidole tu. Bau nililisikia mara ya mwisho siku ambayo sikujua ni ya mwisho.

Mama yake akipiga simu ya picha, nilimvika dakika tano kabla, nikamketisha chumbani ambako hakuna kelele, nami nikaongea kwa kunong'ona.

"Baba, mbona anakunja uso?"

"Jua linampiga."

"Mbona hasemi?"

"Ana usingizi."

Dada hakupenda. Alikuwa anaamini jicho kuliko mimi, na kwa sababu hiyohiyo alikuwa na busara kunishinda. "Kuvunja redio," aliniambia, "hakuzuii taarifa."

Miezi mitano ilipita hivyo. Halafu dada akaugua tumbo siku mbili, siku ya tatu akafa, mchana kweupe, amelala upande kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakuna jicho la mtu lililocheza. Sasa sikilizeni nilichowaza, kwa sababu sijawahi kumwambia padri. Niliwaza kwamba kile kifo kilikuwa kimetumwa kwangu. Kilifika, kikanikuta nimejifungia, kikaingia chumba cha pili. Nilikaa kwenye mkeka wa msiba watu wananipa pole, nami najiona kama mtu aliyesukuma mwenzake ili apite mlangoni.

Binti yangu akaja kuzika. Niliposikia amefika stendi nilikimbilia kabati, nikamvika mtoto. Lakini nyumba ilikuwa imejaa vilio. Mtoto alisimama katikati ya wanawake na upande wote wa kushoto wa uso unavutwa, unaachiwa, unavutwa, bila kupumzika. Mama yake akaingia, akatupa mkoba chini, akapiga magoti mbele yake.

"Baba, hii imeanza lini?"

"Juzi," nikasema.

Baada ya matanga akanichukua mimi na mtoto mpaka Mbeya mjini, ambako kulikuwa na dada mmoja mtaalamu wa vifaa vile. Kijana, mpole, amevaa sweta kwa baridi ya kule. Akaunganisha kifaa na kompyuta kwa waya, akamkalisha mtoto mapajani kwa mama.

"Ndani ya sikio kuna vituo vingi vya umeme vimepangwa kwenye mstari," akatueleza. "Nitavigusa kimoja kimoja. Tutazame uso."

Akabonyeza. Uso kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akaendelea, na kwenye kimoja kope ikaruka. Cha jirani yake, ikaruka na mdomo. Cha tatu vilevile. Vilivyobaki, kimya.

"Homa ya uti wa mgongo iliacha mfupa umekuwa mgumu ndani ya sikio," akasema. "Kwa hiyo inabidi umeme uwe mwingi kidogo, na mwingine unavuka kwenda kwenye mshipa wa uso, maana mishipa hiyo miwili imepita karibu karibu. Haiwapati wengi. Kila sauti kubwa ikija, uso unaruka. Nitavizima hivi vitatu, vingine nitavipunguza."

"Sauti kubwa," nikasema.

"Ndiyo, mzee. Mashine, honi, vilio. Mtu mwenye sauti nzito akiita karibu."

"Kwa hiyo siyo..."

"Siyo nini?"

"Siyo kitu."

Nilikuwa nimekaa lakini nilitafuta kiti. Yule mzee wa nyumba ya tatu. Mtoto aliwasikia wanawake wakilia kabla yangu. Aliketi na pumba zake akasikia kilio kutoka nyumba ya tatu, mtoto ambaye tuliambiwa hatasikia kamwe, na mimi na dada tukatazama kope. Muujiza ulikuwa umekaa mbele yetu, sisi tukausoma kinyume.

"Inauma?" binti akauliza.

"Kwa wengine inauma. Mtoto asiyejua kusema atashika shavu, au atachukua mkono wako akuonyeshe." Akabonyeza kitu kingine, akakaa anaangalia kompyuta muda mrefu. Halafu akaniangalia mimi. "Babu, utusubiri nje kidogo, niongee na mama."

Nikasubiri kwenye benchi. Walipotoka binti alikuwa ametulia, akanishika mkono kuvuka barabara. Mtoto akaenda Iringa na mama yake, hakurudi Ubaruku tena.

Imepita miaka miwili na zaidi. Nakwenda Iringa kila baada ya mavuno na kiroba cha mchele. Uso wa mtoto umetulia kabisa, anasoma shule, anasema sentensi, ila polepole, na wageni wanamwelewa nusu. Mama yake anaitwa na mwalimu mara kwa mara. Safari ya mwisho nilimkuta binti jikoni anachambua mchele wangu kwenye ungo, nikaona nikikaa na neno hili nitakufa nalo, na kufa nako siku hizi sikuogopi kama zamani.

"Mama," nikamwita, maana binti yangu namwita hivyo, kwa jina la mama yangu. "Kile kifaa. Nilimvua mimi."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Unajua?"

"Kinaandika, baba. Kila siku kinaandika saa ngapi mtoto amekivaa. Yule dada wa Mbeya alinionyesha. Miezi mitano, dakika kumi, dakika kumi, sifuri, sifuri, sifuri."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umetoka kuzika." Akatoa jiwe, akalitupa. "Halafu nikawa nangoja useme mwenyewe. Kila ukija na mchele wako nakaa hapa nangoja. Unaniambia habari za mvua."

Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya miezi ile mtoto anachelewa kusema. Akapepeta ungo kwanza.

"Mwalimu hajui. Daktari hajui. Labda ni ile homa. Labda ni vile vituo vitatu vilivyozimwa. Labda ni wewe. Hakuna atakayetuambia, baba. Ndiyo maana silali." Halafu akasema, "Sasa usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe. Kaa mbele yake, aone mdomo."

Alikuwa sebuleni na daftari la kuchora. Nikaketi sakafuni, na magoti yangu haya. Nikamwambia kwa maneno mafupi, moja moja. Ulipokuwa mdogo. Ubaruku. Babu alikuvua kifaa. Siku nyingi. Babu alikosea.

Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza. "Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kufa."

Akafikiri. Alikuwa ameshika penseli hewani, na uso wake, ule upande wa kushoto, ulikuwa umetulia kama wa mtu yeyote.

"Lakini," akasema, polepole, akihakikisha kila neno linatoka zima, "alikufa bibi."

Nikasema ndiyo. Akangoja kidogo kama kuna kingine nitakachosema, alipoona hakuna akarudi kwenye daftari lake.